Mpweke Kati ya Watu

Masomo: Mwanzo 2:18–25, 1 Wafalme 18:1–15 na 19:1–21, Marko 5:1–20. Msomaji ayasome kwanza katika Biblia yake, ndipo aendelee na somo hili.



Mwezi wa Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimpa mmoja wa mawaziri wake kazi ya kushughulikia upweke wa raia. Nakumbuka siku habari hiyo ilipotufikia. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa baada ya Misa, na mmoja wetu akasema kwamba sasa Wazungu wameishiwa, hata kuongea na jirani kwahitaji waziri! Tukacheka sana, nami nikacheka pamoja nao. Tulijiona kwamba ugonjwa huo sisi hatunao, maana kwetu mtu ni watu.

Basi mwezi wa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa juu ya jambo hili hili. Yasema kwamba katika kila watu sita duniani mmoja ameshikwa na upweke, na kwamba vifo wapata 871,000 kila mwaka vina uhusiano nao, yaani kama watu 100 kila saa. Hayo ni mazito. Lakini lililonishtua mimi ni jingine. Katika nchi maskini, watu kama 24 katika kila 100 walisema kwamba wana upweke. Katika nchi tajiri, 11 hivi. Tena walioongoza ni vijana, si wazee. Nyani haoni kundule.

Kwanza tusichanganye maneno. Kukaa peke yako siyo upweke. Bwana wetu alikuwa na desturi ya kupanda mlimani peke yake kusali, na hiyo huitwa faragha, nayo ni njema. Mkulima ashindaye shambani akijiimbia si mpweke. Upweke ni maumivu ya mtu anayeona kwamba hakuna amjuaye wala amtakaye, hata akiwa kati ya watu mia. Kijana aliyepanga chumba Dar es Salaam, katika nyumba yenye wapangaji kumi, aweza kuugua siku tatu asijulikane. Mama aweza kuimba kwaya kila Jumapili na kurudi kwake pasipo mtu kumwuliza neno. Baba aweza kuletewa fedha na wanawe kila mwezi kwa njia ya simu. Fedha zafika, sauti haifiki.

Wala maumivu hayo hayaishii moyoni. Mwaka 2010 Bibi Julianne Holt-Lunstad wa Marekani na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi 148, uliohusu watu zaidi ya 300,000. Wakaona kwamba wale wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 50, ya kuwa hai mwisho wa uchunguzi kuliko wale ambao uhusiano wao ulikuwa dhaifu. Si ajabu. Mtu mpweke halali vizuri, hapiki chakula cha maana kwa ajili ya kinywa kimoja, na kikohozi kikimzidi hakuna wa kumwambia, Baba, twende hospitali. Mtu hujikuna ajipatapo. Mgongoni hukunwa na mwenziwe.

NANI ALIYEKUPA JINA?

Sisi tuliofundishwa kwa kukariri Katekisimu ya Kitabu cha Sala twakumbuka kwamba haianzi kwa kumwuliza mwanafunzi kama anaamini kwamba Mungu yuko. Yaanza kwa kumwuliza jina lake. Akisha kulitaja, aulizwa ni nani aliyempa. Naye hujibu kwamba ni wasimamizi wake wa ubatizo, siku ile alipofanywa kiungo cha Kristo. Niliwafundisha watoto maswali hayo miaka mingi wala sikuona maana ya mpango wake, nikidhani ni njia tu ya kumzoesha mtoto kuongea mbele ya Askofu.

Sasa naona kwamba ndani yake mna hekima. Jina langu ni mali yangu kabisa, lakini wanaolitumia ni wengine. Mimi mwenyewe sijiiti. Nililipokea kwa watu, na kwa watu huendelea kuishi. Mama Rehema ni Mama Rehema kwa kuwa yuko Rehema, na kwa kuwa majirani humwita hivyo alfajiri anapokwenda kisimani. Rehema akihamia Mwanza asirudi, na majirani wa zamani wakafa mmoja mmoja, jina lile hufa kabla ya mwenye jina. Hapo mama huyo hupoteza mambo mawili kwa pamoja, wenzake na yeye mwenyewe, maana hajui tena yeye ni nani. Mimi huitwa Mwalimu na kila mtu, hata na wale ambao hawakusoma kwangu, nami naishukuru heshima hiyo. Ila jina la utotoni aliloniita mama yangu, tangu kaka yangu alipofariki, hakuna tena alijuaye. Silalamiki. Nalitaja ili muone kwamba mfano wa jambo hili hauna haja ya kutafutwa mbali.

Mwanzo 2 yatuonyesha kwamba Mungu aliona si vema mtu awe peke yake, na aliona hivyo kabla dhambi haijaingia. Adamu alikuwa bado na Mungu bustanini, hata hivyo Mungu mwenyewe aliona kwamba kuna lililopungua. Kwa hiyo tusimwambie mpweke kwamba akisali sana hatahitaji watu. Mungu hakusema hivyo.

ELIYA CHINI YA MRETEMU

Soma sura ya 19 polepole. Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, kisha Yezebeli anamtumia tishio moja tu, naye anakimbia. Angalia mstari wa 3: afikapo Beer-sheba, amwacha mtumishi wake huko, kisha aingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Nani aliyemwondolea mwenzi wake wa mwisho? Si Yezebeli. Ni yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo upweke ufanyavyo kazi. Mtu akiumia hujitenga, na akijitenga huumia zaidi, hata huketi chini ya mti akaomba afe.

Kisha mara mbili amwambia Mungu kwamba yeye peke yake ndiye aliyesalia. Wasomaji wengi humwamini. Lakini rudi nyuma, sura ya 18, mstari wa 13. Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alikuwa amekwisha mwambia kwa kinywa chake kwamba aliwaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akiwalisha chakula na maji. Eliya aliyasikia hayo. Hakuwa akisema uongo pale mlimani. Ni moyo uliochoka ulioyasahau. Mtu mpweke akikwambia kwamba hakuna anayemjali, usimpige kwa hoja na kumhesabia majina. Mungu hakuanza hivyo.

Mungu alianzaje? Kwa usingizi, na mkate wa moto juu ya makaa, na gudulia la maji. Halafu usingizi tena, na mkate tena. Kisha akamwuliza swali na kumsikiliza, akamwuliza tena lile lile na kumsikiliza tena. Baada ya hayo ndipo alipompa kazi: arudi njia aliyoijia, awatie mafuta Hazaeli na Yehu, na Elisha awe nabii baada yake. Habari ya wale 7,000 wasiompigia Baali magoti ilikuja mwisho kabisa. Na sura yafungwa kwa Elisha kumfuata Eliya na kumtumikia. Yule aliyemwacha mtumishi wake apewa mwingine, naye Elisha alikataa kumwacha hata siku ya mwisho (2 Wafalme 2).

Hapa naomba ruhusa ya kusimulia kosa letu, na langu likiwa la kwanza. Kuna mzee wetu aliyekuwa seremala, ambaye kwa miaka hakukosa Misa. Mkewe alipofariki tulimzika vizuri, tukakaa matanga, tukatoa rambirambi. Kisha tukatawanyika. Baada ya miezi michache hakuonekana. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kumtazama: wazee wa kanisa walidhani ni akina mama, akina mama walidhani ni Padre, nami nikadhani ni jirani zake. Zilipita Jumapili saba. Mimi niliyeita majina darasani kila asubuhi kwa miaka zaidi ya thelathini, na mtoto asipoitikia siku mbili nilituma mwenziwe aende kwao, sikuona kwamba katika nyumba ya Mungu kuna mahali pasipo mwitikio.

Nilipokwenda nilimkuta mzima. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Mwalimu. Karibu, jivutie kigoda." Hakulalamika wala kutaja upweke. Aliniuliza sadaka ya mavuno ilipatikana kiasi gani, akanieleza habari za mbuzi wake mmoja, kisha akanieleza tena habari za mbuzi yule yule. Kila nilipoinuka alipata jambo jingine la kunionyesha. Nilitoka usiku.

Nilimtembelea tena, na wengine pia walimtembelea, lakini kanisani hakuja. Lililomrudisha halikuwa shauri la hekima la mtu yeyote. Mabenchi ya upande wa kusini yalikuwa yamelegea miguu, na fundi tuliyemwita mjini alitaka fedha ambazo hatukuwa nazo. Mzee wa kanisa mmoja akaenda kumwomba yule seremala. Alikuja Jumanne na msumeno wake, akatukana kazi ya aliyeyatengeneza awali, akaomba vijana wawili wa kumshikia mbao, nao akawagombeza mchana kutwa. Jumapili iliyofuata alifika kabla ya kengele, akakaa kwenye benchi mojawapo akiliyumbisha kuona kama limetulia.

Tulikuwa tumempelekea huruma, kumbe alichokosa ni kuhitajiwa. Hapo nashukuru kazi ya Umoja wa Mama katika kutembelea wagonjwa, maana ndiyo iliyoibeba parishi hii, lakini niseme ukweli juu ya ziara zetu. Huingia watu kumi, tukaimba, tukaomba, tukaweka sukari na sabuni, tukaondoka, na katika nusu saa ile hakuna aliyemwuliza mwenye nyumba neno lolote wala aliyemwomba kitu chochote.

Mtazame na yule mtu wa Wagerasi katika Marko 5. Alikaa makaburini, akilia na kujikata kwa mawe. Wenzake walimfunga kwa minyororo, hata yaweza kusemwa kwamba kiungo pekee kilichobaki kati yake na mji wake kilikuwa mnyororo. Yesu amwuliza jina, naye hana jina la kutaja ila la jeshi lililomjaa. Akisha kuponywa aomba afuatane na Yesu, na Yesu amkatalia! Hilo lilinisumbua tangu ujana. Lakini mstari wa 19 watueleza kwamba alitumwa nyumbani, kwa watu wake, na alipewa habari ya kuwaambia. Kama angepanda chomboni, angekuwa mzima bali bado hana kwao.

BENCHI LA HARARE

Jambo hili la kuhitajiwa na kusikilizwa si la Biblia tu. Mwaka 2006, huko Mbare katika mji wa Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza kazi na wanawake wazee 14. Madaktari wa aina yake walikuwa wachache mno nchini, na zahanati haikuwa na chumba cha kuwapa. Basi wakaweka benchi nje. Bibi hao walifundishwa kumkaribisha mgonjwa, kumsikiliza, kisha kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Hawakutumia majina ya kitabibu, bali neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi husema fulani ana mawazo, na kila mtu hufahamu.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi hao, watu kama 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, 50 katika kila 100. Waliomaliza mazungumzo hukaribishwa katika vikundi, ambamo hukaa duara wakifuma mikoba huku wakiongea. Mtu apewa watu, na mikono yake yapewa kazi. Utaratibu huo umefika Malawi na hata Zanzibar.

Sisemi kwamba benchi latosha kwa kila mtu. Anayetaja kujiua, au aliyeacha kula na kulala, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akae naye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Taja mtu mmoja wa mtaa wako ambaye hakuonekana mwezi huu. Nani aliyekwenda kwake, na kama hakuna, kila mmoja alidhani nani atakwenda?

2. Kwa nini Mungu alimpa Eliya mkate kabla ya kumpa habari za wale 7,000?

3. Vijana wetu walioko mjini huitwaje huko, na hujulikana na nani? Wanaporudi Krismasi, kanisa huwapa kazi gani?

4. Je, yawezekana kuweka benchi chini ya mwembe ulio karibu na lango la kanisa, na watu wawili watatu wakaapo zamu baada ya Misa kwa ajili ya mwenye kutaka kuongea? Fundi wetu amekwisha sema kwamba mbao zilibaki.