Waridi la Jangwani Katika Bustani Kavu

Mtu apitaye nyika ya Tsavo wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka na miti imepukutika majani, huona maua ya rangi ya waridi juu ya shina nene lisilo na jani hata moja. Huo ndio mmea uitwao waridi la jangwani. Ukoo wake si wa waridi, bali ni ule wa mbungo.

Wengi wauonapo huenda na jembe wakauchimba, na hapo ndipo penye hasara. Mmea mnene porini umekua miaka mingi. Mizizi yake ikikatwa, ukapandwa siku ile ile na kumwagiwa maji kila jioni kama sukuma wiki, huoza kutoka chini. Naye mwenye bustani hana habari mpaka shina limelegea kama papai bovu. Basi nyika imepungukiwa, wala bustani haikupata kitu.

Afadhali kupanda mbegu. Matunda huota mawili mawili kama pembe. Yakikaribia kupasuka yafungwe kwa kitambaa chepesi, maana kila mbegu ina manyoya kwenye ncha zake zote mbili, na upepo huichukua mara moja. Debe kuukuu lililotobolewa chini lafaa sana. Litiwe mchanga mwingi na mboji kidogo. Mbegu zilazwe, zifunikwe kwa mchanga mwembamba, ziwekwe mahali penye joto. Mbegu mpya huchipua kwa muda wa juma moja hivi. Tawi lililokatwa nalo huota, likiachwa kwanza siku chache jeraha likauke, lakini mara nyingi halifanyi lile shina nene lipendwalo.

Baadaye mmea hutaka jua la mchana kutwa, na maji udongo unapokauka tu. Ukipukutisha majani usidhaniwe kuwa umekufa. Huo ndio wakati wa kupunguza maji, si wa kuyaongeza. Penye baridi kali kama Limuru hautastawi nje.

Utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo. Katika sehemu nyingi za Afrika wawindaji waliupaka mishale yao. Kwa hiyo usipandwe karibu na zizi la mbuzi wala mahali wachezapo watoto wadogo, na akataye matawi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula.