Pete za Zohali ni mawe?

SWALI: Kwa darubini ya mkononi, hapa Bugarama naona vinukta kando ya Mshtarii, ila pete za Zohali sizioni. Je, pete hizo ni mawe yenye madini?

JIBU: Vinukta hivyo ni miezi minne aliyoigundua Galileo mwaka 1610: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Ichore kila usiku, nakusihi. Utaiona ikihama upande hadi upande.

Pete za Zohali ni barafu ya maji kwa sehemu kubwa, vipande kuanzia chembe hadi ukubwa wa nyumba. Mawe ni kidogo mno. Mchimbaji asingepata kitu. Kipenyo cha pete kuu ni kilomita 270,000 hivi, lakini unene, mahali pengi, ni makumi ya mita tu. Ndiyo maana Machi 2025, zilipotuelekezea ukingo, zilikaribia kutoweka. Sasa zinafunguka tena, mpaka mwaka 2032 hivi.

Tafuta darubini ya miguu mitatu inayokuza walau mara 30, ukae mbali na taa za mgodi wa Bulyanhulu zisikuumize macho. Ukiona nukta karibu na Zohali, yaelekea ni Titan, mwezi wenye angahewa nzito kuliko yetu.