Nafasi ya shule ya biashara hutafutwa tangu mwaka wa kwanza

SOMO LA WIKI

Wafanyabiashara wengi wenye watoto vyuo vikuu huanza kuulizia shule kubwa za biashara za Marekani pale mtoto anapokaribia kuvaa joho. Wakati huo mambo mengi yanayoangaliwa na shule hizo yamekwisha andikwa. Alama za miaka iliyopita haziwezi kufutwa, likizo zimekwisha, na walimu ama wanamfahamu kijana au hawamfahamu. Hakuna kiasi cha fedha kitakachorekebisha hayo katika miezi mitatu.

Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA, kwa kawaida huombwa na mtu aliyekwisha fanya kazi miaka kadhaa. Hata hivyo, mwaka 2007 Harvard Business School ilitangaza mpango unaoitwa 2+2. Mwanafunzi huomba akiwa mwaka wa mwisho wa chuo. Akikubaliwa hufanya kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha huingia darasani kwa miaka miwili. Stanford, Wharton na Chicago Booth nazo zina njia za namna hiyo. Kwa lugha ya soko, ni sawa na mkulima anayefunga mkataba wa kuuza mavuno kabla ya msimu: nafasi imeshikwa leo, mali itafikishwa baadaye.

Harvard inaeleza kuwa mpango huo huwatazama zaidi wanaokwenda kufanya kazi za kiufundi, za viwanda au za kuanzisha biashara, pamoja na wanaotoka familia zenye kipato kidogo au wa kwanza kufika chuo kikuu nyumbani kwao. Kwa hiyo mtoto wa muuza nafaka wa Kibaigwa au wa mwenye kibanda cha mitumba Gikomba hana sababu ya kuficha asili yake. Anachotakiwa ni kuonyesha alichofanya nayo.

Alama na masomo

Alama za mwaka wa kwanza huingia katika hati ile ile ya matokeo pamoja na za mwaka wa mwisho. Shule hizi hazidai shahada ya biashara. Wahandisi, wauguzi na wanahistoria hupokewa. Lakini anayesoma fani isiyo na hesabu afadhali achukue somo la takwimu, la uhasibu au la uchumi mapema, ili hati yake ionyeshe kwamba tarakimu hazimtishi.

Jambo jingine ni kuzungumza. Harvard hufundisha kwa kujadili visa halisi vya makampuni, na mchango wa mwanafunzi darasani ni sehemu kubwa ya alama zake. Kijana anayekaa kimya miaka yote ya chuo atapata shida katika usaili, na akivuka usaili atapata shida darasani.

Kazi za likizo

Wengi hukimbilia vyeo katika vyama vya wanafunzi. Cheo bila matokeo hakina uzito. Kijana aliyetumia likizo dukani kwa baba yake akapanga upya daftari la wadaiwa, akahesabu mali kila mwisho wa wiki na kuonyesha kiasi cha madeni kilichorudi, ana jambo la kusimulia. Muhimu aandike tarakimu wakati huo huo. Baada ya miaka mitatu hatazikumbuka, na usaili utaziuliza.

Kadhalika barua za wadhamini. Mpango wa 2+2 hudai mbili. Mwalimu aliyefundisha darasa la watu mia tatu hataandika lolote la maana kuhusu mwanafunzi asiyewahi kufika ofisini kwake. Uhusiano huo hujengwa kuanzia mwaka wa pili, kwa kuuliza maswali na kusaidia kazi za utafiti.

Mtihani

Shule nyingi hupokea GMAT au GRE. GMAT ilibadilishwa mwezi Novemba 2023. Sasa ina sehemu tatu, za hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, kila moja dakika 45. Maswali yote ni 64, na alama ni kati ya 205 na 805. Vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa bei nafuu bado vina maswali ya jiometri na insha, ambayo yameondolewa. Mnunuzi aangalie mwaka wa toleo kabla ya kulipa.

Alama za GMAT hudumu miaka mitano. Anayefanya mtihani katika likizo ya kabla ya mwaka wa mwisho hupata nafasi ya kurudia ikibidi, na hata akikataliwa anaweza kuzitumia tena akiwa kazini.

Hesabu ya fedha

Ada ya masomo pekee Harvard imepita dola 70,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni zaidi ya dola 140,000, kabla ya chumba, chakula, bima na nauli. Ongeza mshahara ambao hautapatikana kwa miaka hiyo miwili. Msaada wa shule hiyo hutolewa kwa kuangalia uhitaji wala si ubingwa wa alama, na mwaka 2022 ilitangaza kulipa ada yote kwa wanafunzi wenye uhitaji mkubwa zaidi, wapatao mmoja kati ya kumi. Kuuza kiwanja kabla barua ya msaada haijafika ni kuuza bila kujua bei.

Waombaji wengi hukataliwa, wakiwamo wenye alama nzuri. Ndiyo maana maandalizi yafaa yawe ya kumfaa kijana hata asipopata nafasi: hesabu nzuri, ulimi mwepesi na kazi iliyoacha alama. Mwajiri yeyote atayanunua hayo.

Mzazi mwenye mtoto mwaka wa pili ana mambo matatu ya kumwuliza muhula huu. Somo gani la hesabu amejiandikisha? Mwalimu gani anamfahamu kwa jina? Likizo ijayo atafanya kazi gani inayoweza kupimwa? Akikosa majibu, bado muda upo wa kuyatafuta. Mwaka wa mwisho hautakuwapo.