Mafunzo Niliyopata kwa Kujenga Reli ya Zigi Chumbani

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ndiyo ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Moshi. Habari zake zinasimuliwa sana. Tawi lake lililotokea Tengeni, karibu na Muheza, likapanda kilomita 20 na ushei hadi Zigi chini ya misitu ya Amani, linatajwa na wachache. Reli kuu ilikuwa na upana wa mita 1. Tawi hili lilikuwa na milimita 750 tu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha magogo. Njia yake imekwisha kumezwa na msitu na mashamba, ila nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ingali Zigi, penye lango la Hifadhi ya Amani.

Nimeijenga upya reli hiyo chumbani kwangu kwa kipimo cha 1:87. Haya ndiyo niliyojifunza, na naamini yatamfaa yeyote anayetaka kujenga reli nyembamba nyumbani, iwe ya shamba la mkonge, ya Kigoma au ya Kisumu.

1. Anza na mzigo

Kila reli nyembamba ilijengwa kwa ajili ya mzigo fulani. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na vijireli vya milimita 600 vya kupeleka majani korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Zigi ilikuwa na magogo. Ukishaujua mzigo, mambo mengine yanajipanga yenyewe: aina ya mabehewa, urefu wa njia za pembeni, mahali pa kupakia na pa kushushia.

Kwangu mzigo ndio ulioamua ramani. Behewa la milimita 750 haliwezi kuendelea kwenye reli ya mita 1, kwa hiyo kila gogo lililofika Tengeni lilipaswa kuhamishwa. Hapo ndipo penye jasho, na ndiyo maana Tengeni imepata nafasi kubwa kuliko sehemu zote: njia mbili za upana tofauti zimelala sambamba, katikati jukwaa la kuvingirishia magogo. Kilomita 20 kwa kipimo hiki ni mita 230, na hakuna chumba cha kuzipokea. Nimechagua sehemu tatu tu: Tengeni, kona moja ya mlimani yenye daraja dogo, na uwanja wa magogo wa Zigi. Sehemu tatu zinazoeleza kazi nzima zinatosha.

2. Piga hesabu kabla hujanunua

Gawanya 1000 kwa 87, utapata milimita 11.5, reli inayouzwa iliyo karibu ni ya milimita 12. Gawanya 750 kwa 87, utapata 8.6, inayouzwa ni ya milimita 9. Wapenzi wa fani hii huziita H0m na H0e, na kampuni kama Peco ya Uingereza na Tillig ya Ujerumani hutengeneza reli za namna hizi.

Hiyo ya milimita 9 ina neema yake. Ni upana uleule unaotumika katika kipimo kidogo cha N, ambako huwakilisha reli pana ya milimita 1435. Kwa hiyo mota na magurudumu ya kichwa kidogo cha treni cha N, kama vile vya Kato ya Japani, vinaweza kukaa chini ya bodi uliyoitengeneza mwenyewe kwa kipimo cha 1:87. Fundi mwenye subira, kisu kikali na karatasi za plastiki anajitengenezea kichwa ambacho hakuna duka linalokiuza.

Fanya hesabu ya watu na miti vilevile. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na takriban sentimita 2. Mvule wa mita 30 unakuwa na zaidi ya sentimita 34. Treni ya Zigi ilipita chini ya miti iliyoifanya ionekane kitu kidogo kabisa, na mfano ukikosa uwiano huo, Usambara haipo.

3. Kona ndiyo sababu ya wembamba

Nilikuwa nikisikia kwamba reli nyembamba ni ya gharama nafuu. Kujenga kumenifundisha kwa nini. Gari lina difu inayoruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani linapokata kona. Magurudumu mawili ya treni yamekazwa kwenye ekseli moja na huzunguka pamoja. Umbo lao la kupungua unene kuelekea nje husaidia, lakini kona ikiwa kali halitoshi.

Sasa tazama hesabu. Reli ikizunguka duara kamili, upande wa nje wa SGR, ile pana ya milimita 1435, unakuwa mrefu kuliko wa ndani kwa mita 9. Reli ya milimita 750 ikizunguka duara kamili, tofauti ni mita 4.7. Gurudumu linateleza kidogo, reli inalika kidogo, na njia inaweza kujikunja pale ambapo reli pana ingehitaji kupasua mlima au kujaza bonde. Waliojenga kwenda Zigi waliweza kuufuata ubavu wa mlima kwa kuwa walichagua wembamba.

Mezani, vipande vya kona vya milimita 9 vinavyouzwa tayari na Peco huanzia nusu kipenyo cha milimita 228. Vichwa vifupi vinapita bila shida. Mlimani nimetumia sentimita 30, kwa sababu gogo refu hubebwa na mabehewa mawili, na kwenye kona linachomoza pembeni. Kabla ya kuweka mwamba au mti wowote, pitisha mzigo wako mrefu kuliko yote huku penseli imeegemezwa kwenye ncha ya gogo. Mstari utakaochorwa ndio mpaka wa msitu.

4. Shusha bonde, usipandishe reli

Mpando wa asilimia 3 ni sentimita 3 kwa kila mita. Kwa jicho ni kidogo, kwa kichwa chenye uzito wa gramu chache ni mlima hasa. Ukitaka njia moja ipite juu ya nyingine unahitaji nafasi ya sentimita 6 au zaidi, maana yake mita 2 za kupanda mfululizo. Plaiwudi ya dukani ina futi 8 kwa 4. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 244 kwa 61, vinavyofaa kupangwa kwa pembe kwenye kona ya chumba. Kupanda peke yake kungekula karibu kipande kizima.

Dawa ni kuifanya ardhi ishuke. Jenga fremu ya mbao wazi bila kuifunika yote, laza plaiwudi ya milimita 12 pale tu reli inapopita, halafu acha bonde literemke chini ya usawa wa njia. Kijito kikipita sentimita 10 chini ya daraja, mtazamaji anaona mlima, na reli imepanda kidogo tu. Penye kona punguza mpando hadi asilimia 2, kwa sababu kona yenyewe ni breki. Penye stesheni weka tambarare kamili, la sivyo mabehewa yaliyoachwa yatajiondokea.

5. Reli hulazwa kwa kidole na sikio

Hapa usiharakishe. Mimi huchora mstari wa katikati kwanza: ufito wenye msumari upande mmoja na penseli upande wa pili huchora kona safi. Kisha nalaza reli, naishika kwa pini, nachukua behewa moja lisilo na mzigo na kulisukuma polepole kwa kidole kimoja. Kiungo kizuri kinalia tiki ndogo. Kiungo kibaya kinalia tiki nzito, na kidole kinahisi behewa likisita. Nainama mpaka jicho liwe usawa wa reli, nafumba jicho moja, natazama mbali. Kona iliyovunjika kwenye kiungo haijifichi kwa mtazamo huo. Gundi huja baada ya yote hayo.

Acha mwanya mdogo kwenye viungo, unene wa kipande cha karatasi ya manila, kwa sababu mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Umeme usiutegemee upite kwenye viungo. Lehemu waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli, uishie kwenye nyaya mbili nene zinazopita chini ya meza. Kichwa kidogo chenye magurudumu manne hakina pa kuegemea: magurudumu mawili ya upande mmoja yakikosa umeme, kinasimama.

6. Waendee waliofanya kazi

Tanga bado ina wastaafu wa reli, na maarifa yao hayamo kwenye katalogi yoyote. Kabla ya kuchora stesheni ya Zigi nilimwendea mzee mmoja aliyeanza kazi enzi za mvuke.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Haya, hiyo injini yako itakunywa wapi?”

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. La pili lilikuwa kuni zitarundikwa wapi, la tatu majivu yatamwagwa wapi. Akanieleza kwamba injini haisimami popote tu: husimama penye maji, na kila kitu hupangwa kuzunguka hapo. Mzee akachukua kijiti akachora mchangani: tangi, njia, rundo la kuni upande wa fundi moto, shimo la majivu mbele kidogo. Mpangilio huo ndio uliopo mezani kwangu leo. Picha za zamani zinaonyesha stesheni ilivyoonekana; aliyefanya kazi anakueleza kwa nini ilikuwa hivyo.

7. Msitu unapatikana hapahapa

Vifaa vya mandhari kutoka nje ni ghali, na vingi vimetengenezwa kufanana na Ulaya. Udongo mwekundu wa Usambara upo Usambara. Ukaushe, uchekeche kwa kitambaa cha soksi ndefu, nao ni vumbi la kipimo halisi. Nyuzi za katani zilizotiwa rangi ya kijani na kukatwa milimita 5 ni majani ya kando ya njia. Makumbi ya nazi ni vichaka na mizizi. Vikonyo vya maua ya mwembe vikikauka vina matawi yanayogawanyika kama mti mzima. Vitie gundi, vinyunyizie vumbi la mbao lenye rangi, umepata msambu au mtambara.

Kokoto za njia ni mchanga mkavu uliochekechwa. Umwage kati ya mataruma, upange kwa brashi laini, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya maji. Sabuni ina kazi kubwa: bila hiyo gundi husimama juu ya mchanga kama jicho la samaki, na matone yake huzisukuma chembe. Ikiwepo, gundi inazama mara moja na mchanga hautikisiki. Mataruma yapake rangi ya chuma chenye kutu, kwa kuwa katika nchi hizi za mchwa mataruma ya chuma yalitumika sana.

Kila kitu kilichotoka shambani kianikwe juani mpaka kikauke kabisa kabla hakijaingia chumbani. Bungua hawachagui kati ya mti na mfano wa mti.

8. Jihadhari na hewa ya bahari na umeme

Tanga hewa ina chumvi. Reli ya chuma cha kawaida hupata kutu upesi. Inayofaa ni ya aloi ya shaba, nikeli na zinki. Hata hiyo huifuta kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuendesha, na meza naifunika kwa shuka wakati wote isipotumika. Mbao za fremu zipakwe rangi au vanishi pande zote, hata chini pasipoonekana.

Mota hizi hutumia umeme wa moja kwa moja wa volti 12, sawa na betri ya pikipiki. Kwa hiyo umeme wa gridi ukikatika treni inaweza kuendelea kwa betri hiyo, ila weka fyuzi ndogo kati ya betri na kidhibiti mwendo. Usiiruke fyuzi. Nyaya za betri zikigusana, betri inaweza kuyeyusha waya na kuwasha mbao.

9. Ipe treni sababu ya kwenda

Treni inayozunguka tu huchosha baada ya dakika chache. Ya Zigi haizunguki. Inapanda na mabehewa matupu, inashuka na magogo, na kila safari ina karatasi yake: magogo mangapi, ya mti gani, yanangojewa na behewa gani la reli ya mita 1. Watoto wa jirani wakija hugawana kazi. Mmoja ni mkuu wa stesheni Zigi, mwingine anapokea Tengeni, wa tatu anaendesha. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla mwenzake hajakubali kumpokea, kama ilivyo kwenye njia moja ya kweli.

Hapo ndipo wanapoanza kuuliza mambo ya maana. Kwa nini magogo yashushwe yapakiwe tena? Miti hiyo ilikuwa ya nani? Nani aliyeipata faida? Ni maswali ya historia ya kweli ya Usambara, na mtoto anayeuliza akiwa ameshika gogo mkononi husikiliza jibu mpaka mwisho.

Anayetaka kuanza hahitaji chumba kizima. Ubao mmoja wa futi 4, njia moja yenye tawi moja, kichwa kimoja na mabehewa matatu vinatosha. Chagua mzigo unaoufahamu, tafuta mtu aliyewahi kuubeba, halafu anza kuchora.