SOMO LA AFYA: Kipande cha Nyama Kinachopelekwa Maabara



Hapa Rodi Kopany tulifanya harambee kwa ajili ya mama mmoja wa kikundi chetu. Alikuwa anaona damu akienda choo kubwa kwa zaidi ya mwaka. Sisi watu wa karibu na ziwa tumezoea kichocho, kwa hiyo alimeza dawa ya kichocho. Baadaye ikasemekana ni amiba, halafu bawasiri, na kuna wazee waliosema ni chira. Mwishowe alikonda sana, akapasuliwa, na uvimbe ukatolewa kwenye utumbo mpana.

Hapo ndipo tulikosea sisi wenyewe. Familia ilipewa uvimbe huo ndani ya chupa, iupeleke maabara katika mji mwingine. Lakini pesa zote za harambee zilikuwa zimeishia kwa operesheni. Chupa ikakaa nyumbani siku nne ikingoja nauli, na mtu mmoja akamwaga ile dawa ya harufu kali akatia maji, eti inawasha macho. Nyama ikaoza.

Ile dawa inaitwa fomalini. Kazi yake ni kuzuia nyama isioze, na inatakiwa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa nyama yenyewe. Maji hayafanyi kazi hiyo.

Je, kipande hicho kingetuambia nini? Mwaka 1932 daktari Cuthbert Dukes wa London alionyesha kwamba maisha ya mgonjwa yanategemea sana mahali kansa imefika. Je, imebaki ndani ya ukuta wa utumbo? Imetoboa ukuta? Imeingia kwenye tezi ndogo zilizo kando ya utumbo? Mpaka leo daktari wa maabara anatafuta hayo kwa darubini. Tezi anazopima zisipungue 12, kwa sababu akipima mbili tatu tu anaweza kukosa ile yenye ugonjwa. Kansa ikiwa kwenye tezi, kwa kawaida mgonjwa huongezewa dawa za kansa baada ya kupasuliwa. Ikiwa haijatoboa ukuta, mara nyingi operesheni yatosha. Sasa mama yetu alipewa dawa hizo, zikamtesa, na hakuna aliyejua kwa hakika kama alizihitaji.

Daktari huangalia pia sura ya seli. Zikiwa bado zinafanana na za utumbo wa kawaida, kansa huenda polepole. Zikiwa zimevurugika kabisa, ni kali. Tena mwaka 2006 watafiti huko Ufaransa walionyesha kwamba uvimbe uliojaa askari wa mwili, yaani chembe za kinga, huwa na matumaini zaidi.

Tofauti si ndogo. Kwa hesabu za Marekani, kansa ikiwa haijatoka kwenye utumbo, watu kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika ini au mapafu, hawafiki 2 kati ya 10.

Wengine watauliza, si huu ni ugonjwa wa wazungu? Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba Waafrika waliupata kwa nadra, akasema ni kwa sababu ya chakula chao chenye makapi. Siku hizi hospitali zetu zinauona, hata kwa vijana.

Kwa hiyo kamati ikipanga harambee ya mgonjwa wa kupasuliwa, iweke kando pesa za maabara na nauli kabla ya kitu kingine. Chupa isifunguliwe njiani. Ombeni nakala ya ripoti, muihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.

Mama yetu bado anakuja mikutano, akiwa na nguvu. Yeye ndiye aliyesema tuandike somo hili.

Maswali ya kujadili kikundini:
Nani kati yetu ameona damu chooni na akanyamaza?
Nauli ya kwenda na kurudi maabara iliyo karibu ni pesa ngapi leo?
Ripoti za wagonjwa wetu ziko wapi sasa?