Kirusi ndani ya programu ya kushirikiana mafaili

Swali: Msomaji ana shaka kwamba programu anayotumia kushirikiana mafaili ina kirusi kilichofichwa ndani yake. Je, kuipakua kwenye tovuti rasmi kunatosha?

Jibu: Hakutoshi. Machi 2016 wadukuzi walipachika kirusi kiitwacho KeRanger kwenye Transmission 2.90, programu ya kushirikiana mafaili, toleo la kompyuta za Mac, katika tovuti ya programu yenyewe. Ndani mlikuwa na faili liitwalo General.rtf: kwa jina waraka wa kawaida, kumbe programu kamili. Ilitulia siku 3, kisha ikazifunga nyaraka za mwenye kompyuta na kudai bitcoin 1.

Agosti mwaka uleule tovuti ikaingiliwa tena.

Msimbo wa Transmission uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Lakini kilichobadilishwa si msimbo huo, bali kifurushi cha kusakinishia. Hivyo msomaji alinganishe hashi (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) ya faili lake na iliyotangazwa na watengenezaji mahali pengine, si kwenye ukurasa uleule wa kupakulia.