Usuli na Mantiki ya Msuko katika Riwaya ya Kifantasia

Mwandishi chipukizi wa riwaya ya kifantasia aghalabu huirundika historia ya ulimwengu wake katika sura ya kwanza. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert yatufunza vingine. Nchi ile huelea angani, lakini kinachousukuma msuko ni kesi: Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Visa vya wajumbe sita, waliotumwa nje na kufungwa waliporejea, havitangulizwi. Karama huvisimulia kwa kisengerenyuma mahakamani, viwe ushahidi wa kujitetea. Usuli, basi, na umngoje mhusika atakayeuhitaji. Kwa kila tukio la kale jiulize: lamwathiri nani sasa? Lisipomwathiri yeyote, libaki daftarini. Msomaji hukubali nchi ielee. Hakubali tukio lisilo na sababu.